Chombo cha Mkwe Kisichosahau Samaki

Katika nyumba ya Mama Jeanne, hapa Lubumbashi kwenye komini, yaani wilaya ya mji, iitwayo Kenya, hakuna kopo hata moja linalosema ukweli. Fungua la majarini, utakuta vifungo vya mashati. Fungua la aiskrimu, lile ambalo watoto wa wageni hulikodolea macho tangu wanapoingia mpaka wanapoburutwa kutoka, utakuta rozari zilizokatika pamoja na betri za redio ambazo mumewe, Baba Symphorien, anaamini kwamba zikipumzika vya kutosha zitarudiwa na nguvu. Ndoo ya mayonezi ina unga wa bukari, ugali wa huku. Kopo la maziwa lina mbegu za maboga. Na kila kimoja kina mfuniko wake, umekaa sawasawa, kwa sababu kwa Mama Jeanne kupoteza mfuniko ni jambo la kuungama kwa padri.

Yeye mwenyewe haoni ajabu yoyote. Babu yake alitoka kaskazini ya Katanga kuja kuchimba shaba, baba yake akafanya kazi ya reli, na katika nyumba walimokulia kitu kilichoingia na mfuniko hakikutoka tena. Plastiki anaiheshimu. Anaiosha kwa mikono yake, hamwachii mtu, na aliwahi kumnyima salamu shemeji yake kwa muda mrefu sana kwa kosa la kutia pilipili ya kusaga kwenye kopo la biskuti. Majirani wanamwita Mama Mabwati, maana bwati ndilo jina la hapa la chombo chochote chenye mfuniko. Analipenda jina hilo, ingawa ukimwita hivyo hujifanya amekasirika.

Sasa uone dunia isivyo na adabu: mwanamke huyo huyo ndiye aliyemharibia mkwe wake chombo.

Mkwe mwenyewe alikuwa bado wa kutarajiwa. Binti wa Mama Jeanne, Léa, anasoma chuo kikuu kule Kasapa, na huko alimpata kijana anayeitwa Emery, mrefu, mpole, mwenye mashati yaliyonyooshwa pasi hata mahali ambapo hapaonekani. Mama yake Emery ni Mama Kavugho, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, Kivu ya Kaskazini, mwenye duka la jumla la mchele na sabuni na malori ya kuvileta. Siku kijana alipokuja kujitambulisha kwa wazazi wa Léa, alikuja na wajomba zake tu. Mama yake hakuja, lakini alituma chombo.

Na chombo gani. Cheupe, kizito, chenye mfuniko wa buluu unaofungwa kwa ndoana pande zote nne, na kila ndoana ikifunga inalia ta. Si kama vile vya sokoni ambavyo mfuniko unaruka ukikohoa. Chini yake, kwa rangi nyekundu ya kucha, ziliandikwa herufi za mwenyewe, jinsi wanawake wa mjini wanavyotia alama vyombo vyao visije vikapotelea matangani. Ndani mlikuwa na jibini ya duara kutoka Masisi na marakuja, yale matunda ya pasheni, juu yake. Jibini ililiwa na wote, hata na Baba Symphorien, aliyesema haipendi, na ambaye alilisema hilo kila alipokuwa anakata kipande kingine.

Hapa lazima nieleze kidogo. Ukiletewa chakula katika chombo cha mtu, hukirudishi kitupu. Unatia chochote, hata mayai. Hilo linajulikana. Lakini kati ya nyumba mbili zinazotaka kuoana, chombo kinasema zaidi ya hapo. Kikirudi upesi, kimejaa, maana yake mmekubaliwa, endeleeni. Kikirudi kitupu, tafuteni mlango mwingine. Na kisiporudi kabisa, basi wanawake wanaketi, wanatazamana, na kila mmoja anaujaza ukimya huo kwa mawazo yake, ambayo kwa kawaida si mazuri. Mama Jeanne aliyajua hayo yote. Alikuwa amekwisha kukaanga karanga na kutafuta asali ya msituni, akapanga chombo kirudi kabla juma halijaisha.

Halafu akaja Edouard. Huyu ni mdogo wake Mama Jeanne, anakaa Kasenga kwenye mto Luapula, na hajui kumtembelea dada yake bila kumletea samaki. Safari hii alileta wengi mno. Mama Jeanne akawapika kwa mawese mengi na vitunguu, wakala, wakasaza, na sufuria ikahitajika kwa kazi nyingine. Makopo yake yote yalikuwa na shughuli. Huwezi kuvihamisha vifungo usiku usiku kana kwamba ni wapangaji waliokosa kodi. Kilichokuwa wazi ni kimoja tu, kile cheupe chenye mfuniko wa buluu. Alikitazama kwa muda. Akajiambia ni mpaka kesho tu. Akatia samaki, akafunga ndoana zote, ta, ta, ta, ta, akakisukuma ndani ya friji.

Umeme ukakatika, kama unavyopenda, na haukuona sababu ya kurudi haraka. Mama Jeanne naye akaitwa matangani Likasi, akaondoka akiwa na mambo mengi kichwani, na samaki hawakuwa mojawapo. Aliporudi akafungua friji, hakusikia chochote kibaya, kwa sababu mfuniko wa Mama Kavugho ulikuwa unafanya kazi yake kwa uaminifu. Kisha akaufungua na mfuniko.

Sitaeleza. Inatosha kusema kwamba Baba Symphorien, aliyekuwa nje akitengeneza kiti, alitoka mpaka barabarani kuangalia ni mfereji wa nani umepasuka.

Samaki wakatupwa mbali. Chombo kikaoshwa kwa sabuni na maji ya moto, mara ya kwanza, mara ya pili, na mara nyingine kwa hasira. Kikang'aa. Chini kilibaki na rangi ya chungwa kidogo, ya yale mawese, ambayo mtu mwenye roho nzuri angeweza kudhani ndiyo mtindo wake. Mama Jeanne akakinusa: sabuni tupu. Akakifunga, akamshukuru Mungu, akalala. Kesho yake alipokifungua atie karanga, samaki alikuwa ameshafika.

Ndipo alipoujua ujanja wa kile chombo. Kikiwa wazi kinanukia sabuni na kukutazama kwa macho ya mtoto aliyebatizwa. Kifunge, ukifungue tena, samaki anatoka alikojificha. Mama Jeanne akaketi jikoni, akashika tama.

Si kwamba alimwogopa Mama Kavugho, kwani hata kumwona alikuwa hajamwona. Aliogopa maneno. Wale ni watu wa sabuni, wanaiuza kwa katoni. Wangefungua chombo chao, wangenusa, halafu wangeulizana kwa upole kabisa: kama mama hajui kuosha bakuli, binti atakuwa anajua kuosha nini? Léa alikuwa binti yake wa pekee, aliyemngoja miaka mingi na kumwombea kwa watakatifu hata wale wasiojulikana sana. Mama Jeanne alikuwa tayari kuvumilia aibu yoyote ya kwake. Lakini mtoto wake aingie kwa watu akiwa ameshadharauliwa kwa sababu ya samaki wa mama yake, hilo lilimkata maini.

Akajikaza kisabuni, akaanza vita.

Aliyekuja kusaidia kwanza ni Annie, jirani anayesuka nywele mlango wa pili, ambaye alileta limau na magadi, yale magadi wanayotia kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilainike. Wakapaka, wakaacha juani, na kusema haki, harufu ilipungua sana. Léa, aliyekuwa nyumbani siku hiyo, akamshauri mama yake aishie hapo: akiache wazi mahali penye hewa, atie makaa ndani, na angoje. Mafuta na plastiki ni ndugu, alieleza, vikishakumbatiana haviachani kwa kugombezwa, vinahitaji muda tu. Na kama hataki kungoja, akirudishe hivyo hivyo, aseme ukweli. Mama Jeanne alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia asante mwanangu, kisha alipoondoka akatia kahawa.

Kahawa ilikuwa wazo lake mwenyewe na alijivunia. Mama Kavugho ni mtu wa Kivu, na Kivu ndiko kwenye kahawa. Akisikia harufu ya kwao atatulia. Akajaza unga wa kahawa mpaka juu, akafunga ndoana, akangoja. Alipofungua, alimkuta samaki yule yule, isipokuwa sasa amechangamka. Akajaribu dawa ya meno yenye mnanaa. Akajaribu majivu. Akajaribu magazeti yaliyokunjwakunjwa, na harufu ikaingia katika magazeti bila kutoka katika chombo, jambo ambalo hata Léa alipoulizwa kwa simu hakuweza kulieleza.

Paka walianza kuja. Mwanzoni walikuwa wa jirani, kisha wa mtaa, kisha wakaonekana paka ambao hakuna aliyejua wametoka komini gani. Walipanda ukuta mbele ya jiko, wakaketi kwa mstari, kimya, kama watu waliofika misani mapema. Hawakuiba kitu. Walitazama tu dirisha. Mama Jeanne aliwafukuza kwa ufagio, na aliporudi ndani walikuwa wameshakaa tena.

Baba Symphorien naye, kwa mapenzi, aliona ni zamu yake. Alifanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya reli, na kule, mikono ikichafuka kupita kiasi, waliiosha kwa mazutu, ile dizeli ya injini. Alingoja mke wake aende kuimba kwaya, maana alitaka kumshtukiza kwa furaha. Akamwaga mazutu ndani, akachukua waya wa kusugulia sufuria, akasugua ndani na nje kwa nguvu zote za pensheni yake. Alipomaliza akakipangusa na kukiweka mezani, juu ya kitambaa cheupe.

Mama Jeanne alirudi, akakikuta. Kilikuwa kimekwaruzwa chote mpaka kimepoteza mng'aro, na sasa kilinuka samaki aliyesafiri kwa treni. Akakigeuza. Herufi nyekundu za Mama Kavugho hazikuwepo tena. Mzee alikuwa amezisugua akidhani ni doa la nyanya. Kwa hiyo tazama hali ilivyo: chombo cha mkwe, kimekaa kwako muda mrefu kuliko mgeni yeyote, kina harufu ambayo haina jina, na alama ya mwenyewe imefutwa, kama chombo cha wizi. Mama Jeanne hakumpigia mume wake kelele. Alimtazama tu, na Baba Symphorien akaenda kukitengeneza kiti ambacho kilikuwa hakijavunjika.

Muda ukaenda. Siku moja Léa akaja kutoka Kasapa na macho yamevimba. Hakula. Mama yake akamfuata chumbani, akaketi kitandani karibu naye, akasubiri.

"Mama," Léa akasema, "kwabo banasema ni weye njo ulikatala. Juu bwati yabo haiyarudi."

Shangazi za Emery, alieleza, walikuwa wameketi kikao. Walisema wenyeji wa Lubumbashi wana njia zao za kusema hapana, na hii ni mojawapo. Wameanza kutaja binti mmoja wa Butembo, mwenye wazazi wanaojulikana. Emery amebishana nao mpaka sauti imekauka. Na mama yake Emery anakaa dukani tu akihesabu mifuko ya mchele ambayo imeshahesabiwa.

"Bwati iko hapa," Mama Jeanne akasema kwa sauti ndogo. "Minaiosha kila siku."

Léa akamwomba tena arudishe hivyo hivyo. Mama Jeanne akaapa atarudisha, wiki hii hii, Jumatatu isimkute nacho, ila kwanza kinuke vizuri. Hapo uone mtu alivyo: maji yamemfika shingoni, na bado anataka kwanza yawe na povu.

Ndipo akatokea Musonda na ushauri wake. Musonda anaendesha pikipiki ya abiria, anakaa nyumba ya nyuma na mbwa wake mwembamba, na hakuna jambo duniani asilokuwa na neno juu yake. Alisema kwa wavuvi wa Luapula chombo kinachonuka samaki huzikwa udongoni, kinalala huko, na ardhi inakunywa harufu yote. Alilisema kwa uhakika wa mtu aliyeona kwa macho yake. Musonda amezaliwa komini ya Kenya, na Luapula hajawahi kuufikia. Mama Jeanne alilijua hilo vizuri, lakini mtu aliyekwisha kumwosha samaki kwa kahawa hana pa kuanzia kuchagua.

Jumamosi jioni wakachimba shimo kwenye lupango, yaani uani, chini ya ukuta penye kivuli, wakazika chombo na mfuniko wake, wakasawazisha udongo. Annie alisema ni kama wanamzika mtu, na wakacheka, isipokuwa Mama Jeanne, ambaye alifanya ishara ya msalaba bila kukusudia.

Jumapili, watu wakiwa ndio kwanza wametoka misani, gari likasimama mbele ya lango. Akashuka mama mmoja mnene wa heshima, kitenge cha nyota, kilemba kikubwa, pochi imebanwa kwapani. Ukiacha dereva aliyebaki garini, alikuja peke yake, bila shangazi wala mjomba, kitu ambacho hakifanywi. Alipiga hodi na kusema yeye ni mama yake Emery.

Mama Jeanne akamkaribisha kwa mikono yote miwili, akauliza habari za safari kana kwamba ametoka Butembo asubuhi ile, akaita soda. Na Baba Symphorien, mtu wa adabu, akakimbilia kiti chake kizuri, kile alichokitengeneza, akakiweka mahali pazuri kuliko pote kwenye lupango. Akakiweka kivulini, chini ya ukuta.

Mama Jeanne aliona, na alikuwa amechelewa. Mama Kavugho alikwisha kuketi.

Alianza kusema kwa utaratibu, kama mtu aliyekariri njiani. Alisema yeye hana maneno mengi. Alisema amekuja kusikia kwa masikio yake mwenyewe, kwa sababu mambo ya kuletewa na watu yana chumvi. Na alipokuwa anasema hayo, udongo mpya ukawa unalegea chini yake, na mguu mmoja wa kiti ukawa unazama, polepole, hata mgeni akawa anaongea kwa uchungu mkubwa huku amelala upande wa kushoto. Aliona haya kulitaja. Wenyeji nao waliona haya kulitaja. Baba Symphorien, ili kumpa heshima, akainamisha kichwa chake pia upande huo huo.

Mbwa wa Musonda ndiye hakuona haya. Alikuja akinusa, akazunguka kiti, akaanza kuchimba katikati ya miguu ya mgeni. Mama Jeanne akamfukuza kwa jicho, kisha kwa kiatu, lakini mbwa alikuwa amesikia wito wake duniani. Udongo uliruka juu ya kitenge. Mama Kavugho akainuka, na wakati huo huo mbwa akatoka shimoni kinyumenyume, ameng'ata mfuniko wa buluu, na nyuma yake chombo kinaburutika kwa ndoana moja.

Hata paka ukutani walisimama.

Mama Kavugho hakuhitaji herufi. Alikijua chombo chake. Alikitazama, akalitazama shimo, akautazama uso wa mwenyeji wake, na uso wake mwenyewe ukabadilika, kwa sababu kuna jambo moja tu ambalo kila mtu analijua kuhusu watu wanaochukua kitu cha mwenzao, wakafuta alama yake, wakakizika uani.

"Mama Léa," akasema taratibu, "ile ni kintu yangu. Juu ya nini munaizika?"

Mama Jeanne alielewa mara moja. Hakikuwa tena chombo kichafu. Kilikuwa ni bulozi, uchawi, na kwa neno hilo ndoa haisitishwi tu, inakimbiwa, na binti anabaki na jina hilo hata kwa wachumba wengine watakaokuja. Akapiga moyo konde, akamnyang'anya mbwa mfuniko, akaokota chombo na udongo wake, akamnyooshea mgeni wake.

"Mama Emery," akasema, "nusa kwanza."

Mama Kavugho akarudi nyuma hatua moja.

"Nusa," Mama Jeanne akasema tena, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Ukishanusa, utasema bile unataka."

Mama Kavugho ni mfanyabiashara. Amenusa mchele ulioloa na sabuni ya kughushi, haogopi kitu ambacho pua inaweza kukiamua. Akainama. Akavuta pumzi.

Humo mlikuwa na samaki wa Kasenga, na nyuma yake mazutu, na kahawa, na mnanaa, na majivu, na ardhi ya komini ya Kenya iliyolala humo usiku kucha. Mama Kavugho alipiga chafya mfululizo mpaka kilemba kikahama. Alishika ukuta. Akanusa tena, kwa kutoamini.

"Hapana," akasema alipopata pumzi. "Hii haiko bulozi. Mulozi hawezi kufika hapa."

Basi Mama Jeanne akamwaga yote bila kuchagua: Edouard na samaki wake, umeme, matanga, limau, mzee na waya wake, Musonda na Luapula yake. Baba Symphorien alikiri upande wake akiwa amesimama wima. Mama Kavugho alisikiliza huku mabega yanatikisika, na walipofika kwenye dawa ya meno akaketi chini, pale pale kwenye udongo, kitenge cha nyota na kila kitu, akacheka mpaka akashika mbavu. Lakini Mama Jeanne alikuwa hajafika kwenye lile lililomkaa kooni.

"Nilisikia haya," akasema. "Nilisema mutaona mama hajue kuosha, mutazarau mutoto."

Mama Kavugho akaacha kucheka. Akajifuta macho kwa ncha ya kilemba.

"Na miye nilikuwa nalia ku duka," akasema. "Nilisema banakatala mutoto wangu juu shiye tuko bageni hapa."

Mama Jeanne aliketi naye chini. Wakawa hapo, wanawake wawili wazima udongoni na chombo katikati yao, na kila mmoja akiona aibu kwa yale aliyokuwa amemdhania mwenzake. Halafu Mama Jeanne akaanza tena kuomba radhi juu ya chombo, jinsi kilivyokuwa kizuri, atanunua kingine, na Mama Kavugho akamshika mkono.

"Mama Léa, sikukuya juu ya bwati. Nilikuya juu ya mutoto."

"Mutoto," Mama Jeanne akasema haraka, "ye hana arufu hata kidogo."

Walicheka tena, safari hii hata Léa aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango, na Annie aliyekuwa anasikiliza juu ya ukuta pamoja na paka. Chakula kikaletwa. Ilikuwa bukari, na samaki, kwa sababu Edouard alikuwa ametuma wengine. Mama Kavugho alikula vizuri, akasifu mawese, akauliza kama Luapula wana samaki wakubwa kuliko hao. Alipoinuka kuaga, Mama Jeanne alikuwa ameshaleta zile karanga na asali, na chombo kimesuuzwa kwa mara ya mwisho, anasitasita atie au asitie.

Mama Kavugho alisema karanga zisionewe, hazina kosa. Chombo kimeshachagua maisha yake, wakiache. Akataka samaki waliobaki watiwe humo, pamoja na mchuzi.

Wakatiwa. Mama Jeanne alifunga mwenyewe ndoana zote nne, mbele ya majirani waliokuwa wamesimama langoni bila sababu. Dereva akaomba kiwekwe nyuma, kwenye buti. Mama Kavugho akakataa. Akakipakata kiti cha mbele, dirisha limefunguliwa, akapita nacho mjini Jumapili mchana kwa mwendo wa harusi. Shangazi za Emery walikuwa wameketi barazani wakijadili habari za yule binti wa Butembo. Kijana mwenyewe anasimulia kwamba walisikia harufu kabla hawajaliona gari, wakaacha kuzungumza, na wote kwa pamoja wakajua kwamba wamekubaliwa.